Kaburi la Itifaki

Nchi ninayoisimulia haina jina, au tuseme inalo, lakini wenyewe hawapendi litajwe bila kutanguliwa na salamu za pongezi, na mimi koo langu halina nguvu hizo. Inatosha mjue kwamba ni nchi ya amani, yenye watu wakarimu na viongozi wenye kazi nyingi, na kazi yao kubwa kuliko zote ni kufika.

Kufika si jambo la mchezo katika nchi hiyo. Choo cha shule hakiingiliwi mpaka afike mgeni rasmi akate utepe. Daraja halivukwi, chanjo haichanjwi. Pilau hupakuliwa ikapoa siniani, watoto wakasinzia, na mwenye kuonja tonge la kwanza bado yuko njiani. Ndivyo walivyolelewa: mkubwa hajaonja, mdogo hanyooshi mkono. Sasa wakubwa walikuwa wachache na vyoo vya kuzindua vilikuwa vingi, basi wanafunzi wakawa wanajibana muhula mzima. Serikali yao, ambayo ni sikivu, ikakaa ikatafakari, ikaunda Wizara ya Uwepo na Ufikaji, na Wizara ikaagiza maroboti.

Roboti lenyewe lilikuwa mlingoti wa chuma juu ya magurudumu. Kileleni palikuwa na kioo cha kumwonyesha Mheshimiwa, uso wake mkubwa, akizungumza kutoka huko aliko. Chini ya kioo wakalivika koti la suti na tai yenye rangi za taifa. Lilikuwa na mkono mmoja, nao ulijua kazi moja tu, kupunga. Mheshimiwa huko aliko alishika rimoti. Akibonyeza hapa linakwenda mbele, akibonyeza pale linageuka, akikosea linawavamia akina mama wa kwaya. Na huko aliko ni wapi? Kwa sababu za kiusalama hapakutajwa. Ila mara kwa mara nyuma ya kichwa chake alipita mtu aliyelowa, taulo begani, na siku moja mhudumu alimwinamia akamuuliza kama samaki wake aje na ndizi au na chipsi. Wananchi wakapiga makofi, wakidhani ni ahadi.

Sheria ya Uwepo ilikuwa fupi kuliko sheria zote za nchi hiyo. Ilisema: lilipo roboti, Mheshimiwa yupo. Basi ilikuwa marufuku kusema roboti limekuja. Unasema Mheshimiwa amekuja. Betri ikiisha, Mheshimiwa amechoka. Likisombwa na gari la mizigo, limefungwa kamba pamoja na magunia ya vitunguu, Mheshimiwa yuko ziarani. Mitaani watu walimwita Mheshimiwa Magurudumu, lakini huko ni mitaani, na mimi sikuwapo.

*

Mwenye hadithi hii anaitwa Elifasi. Alikuwa Afisa Itifaki wa wilaya moja ya milimani, mtu mwembamba, nadhifu, wa kuvaa tai hata akienda kupalilia. Wengine wana kipaji cha kuimba, wengine cha kufuga nyuki. Elifasi alikuwa na kipaji cha kupanga nani asimame wapi.

Maroboti yalipoingia, nchi nzima ilikwama. Ofisi zote zilijiuliza: Mheshimiwa asiye na tumbo ataonjaje tonge la kwanza? Watu walikuwa wanakufa njaa mbele ya masinia. Elifasi ndiye aliyetatua. Aliandika kwamba sahani ya Mheshimiwa iwekwe mbele ya kioo, na mvuke ukishakatika, ihesabiwe kwamba ameshiba. Wakauliza, atakaaje naye hana makalio? Akaandika kwamba kiti kikubwa kiwekwe nyuma yake na mtu yeyote asikikalie. Kila swali walilomletea alilijibu kwa kifungu, na vifungu vikawa kitabu, na kitabu kikaitwa Mwongozo.

Kifungu kilichompa jina kilikuwa cha Kumi na Nne. Kilizaliwa kwenye uzinduzi wa josho la ng'ombe. Mheshimiwa alikuwa katikati ya hotuba, mtandao ukayumba, uso ukaganda kwenye kioo, mdomo wazi. Watu wakangoja, wakachoka, wakaanza kwenda zao. Mtandao uliporudi Mheshimiwa akawaona migongo. Balaa lililofuata lilimponza Mkuu wa Wilaya wa wakati huo, akahamishiwa mahali ambapo hata barua hufika imechoka. Elifasi akaketi akaandika: "Picha ya Mheshimiwa ikiganda, Mheshimiwa atahesabiwa kuwa bado anazungumza. Asiondoke mtu, asiketi mtu, wala lisiendelee jambo lolote, mpaka amalize."

Wizara ilikipenda kifungu hicho kupita kiasi. Kilisomwa redioni, kikabandikwa mashuleni. Katika wilaya ya jirani watu walisimama mbele ya uso ulioganda kuanzia asubuhi mpaka jioni, mvua ikawanyeshea, na wote walipohojiwa walisema hotuba ilikuwa nzito. Elifasi akapewa cheti cha Mtumishi Bora wa Uwepo. Alikitundika sebuleni mahali ambapo mgeni akiingia hawezi kukikosa.

*

Mama yake Elifasi, Bibi Namkunda, hakuwahi kukiona cheti hicho. Alikaa bondeni, kwenye shamba la marehemu mumewe, pamoja na binti yake Nakiete. Bondeni kule hakuna mtandao; milima imelizunguka pande zote, na simu ikishuka huko inakuwa kibao cha kukatia vitunguu. Bibi Namkunda aliona hiyo ni neema. Alikuwa mtu wa kuifunika redio kwa khanga jioni ili isisikilize mambo ya nyumba yake. Aliyemtaka alishuka kwa miguu, naye akamwekea chai.

Elifasi alishuka kwa nadra. Kazi ya kufikisha wengine ilimnyima nafasi ya kufika yeye. Alipokuja alikaa ukingoni mwa kiti, akitazama saa, na mama yake alimtania kwamba hata akilala bila shaka husimama kwanza kuimba wimbo wa taifa.

Jambo moja Bibi Namkunda alilisema kila mara, wala hakulisema kwa huzuni. "Nikifa mnilaze kwa baba yenu, pale ubavuni mwa mfereji. Nafasi yangu ipo. Nimemsubirisha mno yule mzee." Na kweli nafasi ilikuwapo, alikuwa akiipalilia mwenyewe, kama mtu anayetandika kitanda.

Basi akafa, alfajiri ya siku ya kawaida, baada ya kuomba maji na kuyanywa. Nakiete akapanda mlima mpaka simu ikashika, akampigia kaka yake. Vijana wa majirani wakashika sululu, kaburi likaanza kuchimbwa ubavuni mwa mfereji.

Elifasi alilia ofisini, amegeukia dirisha, kisha akafuta uso akaenda kuomba ruhusa. Mkuu wa Wilaya, Bwana Kipande, alikuwa mtu wa huruma za kikazi. Alisimama, akamshika bega.

"Pole sana, ndugu yangu. Mama ni mama. Nimekwisha kumjulisha Mheshimiwa."

"Mheshimiwa yupi, Mkuu?"

"Waziri. Daktari Mwinyikambi. Ameguswa sana. Amesema kwa mtumishi kama wewe atakuja mwenyewe."

"Mwenyewe mwenyewe?"

"Mwenyewe kwa mujibu wa Sheria," alisema Bwana Kipande.

Elifasi alieleza, kwa adabu zote, kwamba bondeni hakuna mtandao, kwa hiyo heshima hiyo kubwa haitaweza kufika makaburini.

"Mwongozo unasemaje?" Bwana Kipande akauliza. "Wewe ndiye mwandishi wake."

"Unasema shughuli itafanyika penye mtandao."

"Basi itafanyika penye mtandao. Tutachimba kaburi jingine kule Kilima cha Mnara, marehemu atapandishwa, Mheshimiwa atamzika."

"Mkuu, mama aliomba alazwe kwa baba."

"Na atalazwa. Tutamzika kiitifaki kwanza. Baadaye ninyi familia mtamfukua mkamzike kwa nafasi yenu. Mama yako anazikwa mara mbili, Elifasi. Ni wangapi wamepata bahati hiyo?"

Elifasi alikuwa anajua jambo ambalo Bwana Kipande alijifanya halijui. Kulikuwa na kifungu, aliwahi kukiandika siku moja akiwa na mafua, kwamba kilichofungwa na Mheshimiwa hakifunguliwi isipokuwa Mheshimiwa amefika kukifungua. Alikuwa akifikiria maghala alipokiandika. Wazo la makaburi halikumjia. Na hakuna Waziri wa nchi hiyo atakayefika kufukua ajuza wa watu. Mama akishaingia kwenye lile shimo la mlimani, hatatoka tena, na baba ataendelea kungoja peke yake kando ya mfereji. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Elifasi alikuwa amechonga mkuki huo, akaunoa, na akapewa cheti.

*

"Yaani mama apande mlima," alisema Nakiete, "akamtafute Waziri?"

Alikuwa amesimama mlangoni, khanga kiunoni, mikono ina unga. Nakiete ni mdogo wa Elifasi, lakini kwa maneno ni mkubwa wake.

"Ni heshima, Nakiete. Heshima haikataliwi."

"Heshima ya nani? Mama yuko ndani amelala, kaka. Nenda kamuulize kama ameomba heshima."

"Nitazungumza nao. Baada ya hotuba nitaomba kibali tumshushe."

"Utamwomba nani?"

Elifasi akasema ataomba, hivyo tu, akatazama saa yake. Nakiete akamtazama sana, kisha akaingia ndani kumalizia kumvika mama yao.

Jeneza likapita kando ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, zuri, kavu, lenye kivuli cha migomba, likaanza kupanda. Njia ya kwenda Kilima cha Mnara haikukusudiwa maiti, imekusudiwa mbuzi. Wabebaji waliteleza, wakapokezana, wakatukana kwa sauti ya chini kwa kuwa walikuwa na marehemu. Wazee wachache wakarudi nyumbani, wakisema hawajawahi kuona mazishi ya kupanda.

Juu kileleni Serikali ilikuwa imejiandaa. Njia ya magurudumu ilikuwa imetandikwa mikeka. Kaburi la itifaki lilikuwa limechimbwa kwa vipimo, kingo zimenyooshwa. Turubai lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Mheshimiwa, kwa sababu kioo chake hakionekani vizuri juani. Jeneza likawekwa nje, juani.

Mheshimiwa alishushwa kutoka kwenye gari, amefungwa mablanketi. Akafunguliwa, akapanguswa vumbi, akachomekwa kwenye jenereta la mnara apate nguvu. Bwana Kipande akampigia saluti akiwa bado hajawashwa. Kisha kioo kikapata mwanga, uso wa Waziri ukatokea, unang'aa mafuta ya kujikinga na jua, na nyuma yake mwavuli wa rangirangi.

"Ndugu wafiwa," alisema, "itifaki imezingatiwa. Nimefika."

Mkono ukapunga. Watu wakapiga makofi, wengine kwa mazoea, wengine kwa kuwa askari walikuwa wanawatazama.

"Wapo waliosema sitafika. Wapo waliosema Serikali hii haijali misiba ya wanyonge. Nawauliza, nimefika sijafika?"

"Umefika," wakaitikia.

"Leo tunamsindikiza mama yetu, Bibi..." Macho yake yalikwenda pembeni, yakasoma. "Bibi Namkunda. Mama huyu nilimfahamu vizuri. Alikuwa mpenzi mkubwa wa teknolojia."

Nakiete akakohoa. Elifasi akatazama viatu vyake.

"Alikuwa akituambia, vijana, leteni mtandao. Nami nasimama mbele yake leo kuahidi: Serikali yenu haitakubali marehemu yeyote aachwe nyuma kidijitali. Kila kaburi litafikiwa. Wazee wetu waliotangulia watafikiwa. Tumeunda kamati."

Alizungumza juu ya kamati hiyo kwa muda mrefu. Alizungumza juu ya wapinzani, ambao hawajawahi kumzika mtu kwa mbali kiasi hicho. Jua likapanda. Jeneza la mbao mbichi likaanza kutoa sauti, ki, ki, kama mbao zinavyofanya zikipata moto, na kila lilipolia Elifasi alishtuka. Mwisho Mheshimiwa akashusha sauti, akafumba macho nusu, akasema:

"Na sasa, kwa heshima na taadhima, naomba tumshushe mama yetu katika..."

Akaganda.

*

Mdomo ulikuwa wazi, jicho moja limefumba zaidi ya jingine. Nyuma yake mtu mwenye taulo, aliyekuwa akipita, naye aliganda, mguu mmoja hewani.

Hakuna aliyesogea. Watu wa wilaya ile walikuwa wamefundishwa Kifungu cha Kumi na Nne na mwandishi wake mwenyewe. Walisimama kama walivyokutwa. Bwana Kipande alikaza mikono ubavuni, jasho linamtiririka shingoni, na hakulifuta. Askari walikaza. Mpiga picha wa televisheni ya taifa alikuwa amepiga goti moja, akabaki na goti lake. Nzi akatua kwenye meno ya Mheshimiwa, akatembea, na hakupatikana wa kumfukuza.

Wakangoja. Kivuli cha mnara kikahama kutoka upande mmoja wa kaburi hadi upande mwingine. Ajuza mmoja akaanza kuyumba, wenzake wakambana mabegani asianguke, maana kuanguka nako hakukuwa na kibali.

"Kaka," Nakiete akanong'ona. "Mama yuko juani."

"Nyamaza. Mheshimiwa anazungumza."

"Anasema nini?"

Elifasi akafungua mdomo ajibu. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtumishi mkweli kwa namna yake, akasikiliza kwanza. Alisikiliza kwa makini, amekunja uso, kama anavyosikiliza mtu anayetaka kunukuu. Alisikia jenereta. Alisikia upepo kwenye nyaya za mnara. Alisikia jeneza la mama yake likilia, ki, ki. Aliutazama ule mdomo mkubwa ulio wazi na akangoja neno litoke, na halikutoka, na akaelewa kwamba hata alipokuwa akiandika kifungu kile, akichagua maneno mazuri, alilijua hilo.

Aibu ikamshika, ile ya kweli. Akaona haya mbele ya mama yake kuliko alivyowahi kuona haya mbele ya mkubwa yeyote. Akatoka kwenye mstari, akaenda kwenye jeneza, akainama, akashika mpini wa mbele na kuuinua. Jeneza likainuka upande, kombo.

"Elifasi," Bwana Kipande alisema bila kutikisa midomo. "Kifungu cha Kumi na Nne."

"Nakijua, Mkuu. Ni changu."

"Utafungwa."

"Basi nitafungwa. Ila nikitoka kuzika."

Nakiete alikuwa amekwisha kufika upande wa pili. Akakaza khanga, akashika mpini, akainua. Kisha mbebaji mmoja akatema mate chini, akasema na liwe liwalo, akaja. Wakaja wengine. Ajuza aliyekuwa akiyumba akaketi chini palepale, bila kibali cha mtu, na ilivyoonekana ndiye aliyewatoa watu hofu, maana baada yake kilima kizima kilisogea.

Bwana Kipande hakuwafuata. Angewafuataje? Mheshimiwa alikuwa akizungumza, na yeye ni Mkuu wa Wilaya. Askari nao hivyohivyo. Sheria iliwashika waliokuwa wakiitii, na walioivunja wakashuka bondeni taratibu, kwa sababu ya mama.

*

Kule ubavuni mwa mfereji kulitokea jambo la ajabu kidogo. Walishusha jeneza, wakasimama kulizunguka kaburi, halafu kila mtu akamtazama mwenzake. Hakuna aliyeanza. Wote walikuwa wanamngoja mgeni rasmi. Miaka mingi walikuwa hawajafanya jambo lolote bila kuanzishwa, na sasa hawakujua jambo huanzwaje.

Mwishowe jirani mmoja, mama wa makamo, akajikohoza. "Namkunda alikuwa akinipa chumvi," alisema, "wala haulizi nitairudisha lini. Mimi sina zaidi ya hilo."

Wakaitikia kwamba ni kweli. Mwingine akasema alimfundisha kusuka. Mwingine akasema alikuwa na mdomo mchafu akikasirika, wakacheka, na wakicheka wakalia. Elifasi, aliyeandika hotuba za watu wengi, hakupata hata sentensi. Alichota udongo kwa mikono miwili akaumwaga, akachota tena, akakataa koleo. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni, na hakuna aliyemwambia ajikaze.

Walipomaliza aliosha uso kwenye mfereji. Mikono hakuiosha.

"Unakwenda wapi?" Nakiete akamuuliza.

"Nimesema nitafungwa nikitoka kuzika. Nimezika."

Akapanda mlima peke yake.

*

Huko juu mtandao ulikuwa umerudi. Haya niliyapata baadaye kwa mtu aliyekuwapo, na sina sababu ya kumtilia shaka kwa kuwa alikuwa akiyasimulia kwa aibu.

"...kaburi lake," Mheshimiwa akamalizia, akafungua jicho. Akaona mikeka, askari, Bwana Kipande, na shimo.

"Wananchi wako wapi?"

Bwana Kipande alikuwa na familia. Alikumbuka yule mtangulizi wake wa josho, na mahali ambapo barua hufika zimechoka. "Wapo, Mheshimiwa. Wameinama kwa huzuni, kioo chako hakiwapati."

"Na jeneza?"

"Limo, Mheshimiwa. Uliamuru lishushwe, tukalishusha."

"Niliamuru?"

"Kwa sauti iliyotutoa machozi."

Mheshimiwa akafurahi, kama mtu anayesimuliwa wema aliousahau. Akaagiza udongo urudishwe. Bwana Kipande akavua koti, akashika koleo, na yeye na askari wakalizika lile shimo tupu kwa bidii ambayo hawajawahi kuionyesha kazini. Elifasi alipofika kileleni, walikuwa wanalipigapiga tuta liwe la mviringo.

Bwana Kipande alimwona, akamwendea haraka, akamvuta nyuma ya jenereta mahali ambapo kelele zinakula maneno.

"Yuko wapi?"

"Kwa baba."

Bwana Kipande aliitazama mikono yake iliyojaa udongo wa bondeni, mwekundu, usiofanana na wa kileleni. Alipumua. Kwa mara ya kwanza alizungumza bila wadhifa.

"Nisikilize, Elifasi. Mheshimiwa amemzika mama yako hapa. Amesema mwenyewe, na limeingia kwenye kamera. Sasa wewe ukisema hayumo, Mheshimiwa hawezi kuwa amekosea. Itabidi mama yako aletwe, awekwe humu, ili iwe kweli. Umenielewa?"

Elifasi alikuwa amekuja na maneno. Njia nzima alikuwa akiyapanga. Kwa mara ya kwanza maishani alitaka kusema jambo mbele ya kamera ambalo halikupitishwa na mtu. Angeiambia nchi nzima kwamba humu hamna kitu. Aliyashika maneno hayo ulimini, matamu, akaangalia kule bondeni, kwenye migomba. Kisha akayameza.

"Nimekuelewa, Mkuu."

"Basi njoo ulie."

Akaenda. Akapiga magoti mbele ya tuta lisilo na mtu ndani yake, shada la maua la Serikali likawekwa mikononi mwake, naye akaliweka. Alidhani atajifanya. Lakini machozi yalikuja yenyewe, ya uchungu, kwa ajili ya miaka ile yote aliyokaa ukingoni mwa kiti huku chai ya mama yake ikipoa. Mpiga picha akasogea karibu.

"Pole, kijana," Mheshimiwa alisema kutoka kiooni. "Lia tu. Mimi nipo."

Na mkono ukapunga.

*

Yaliyofuata ni mambo ya kawaida ya nchi hiyo. Habari zikasema mazishi yalivunja rekodi kwa utulivu wa waombolezaji, ambao hawakusikika hata kidogo. Kaburi la Kilima cha Mnara likafanywa kaburi la mfano. Likajengewa marumaru, likazungushiwa uzio, likawekewa taa na askari wa kulinda. Ujumbe kutoka wilaya nyingine huja kujifunza, huweka maua, husimama kimya, huandika katika kitabu cha wageni kwamba wamehisi uwepo.

Elifasi akapewa cheti cha pili na uhamisho wa kwenda makao makuu kuandika Mwongozo wa harusi. Aliomba likizo ya msiba kwanza, akashuka bondeni, na likizo hiyo hajaimaliza. Wamemtafuta kwa simu, lakini mnajua hali ya simu kule. Anapalilia migomba, anagombana na Nakiete juu ya maji ya mfereji, jioni wanakunywa chai. Tai ameifanya kamba ya mbuzi.

Siku moja alikuwa akipanda kwenda dukani kununua mafuta ya taa, jembe begani, suruali imelowa hadi magotini. Askari wa lindo, aliyekuwa mgeni katika kazi hiyo, akamwita kutoka ndani ya uzio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeambiwa huyu tunayemlinda ni mama yako mzazi." Alikuwa kijana wa watu, mwenye malezi, na jambo hilo lilionekana kumsumbua. "Tangu nipangiwe hapa nakuona unapita tu. Usinione nakuingilia, mzee, lakini mama ni mama. Mbona huendi kumsalimia?"

Elifasi akahamisha jembe bega la pili.

"Natoka kwake sasa hivi," alisema, akaendelea na safari yake ya dukani.